Pinyo Kubwa

Mshikio wa gesi ulikuwa umezungushwa hadi mwisho, lakini pikipiki haikuongeza mwendo. Injini ililia kwa ukali wake wote, na gurudumu la nyuma likazunguka kivivu.

Sumaili alijua sababu. Msimu wa mpunga alikuwa amefunga pinyo kubwa, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, ili pikipiki iweze kupandisha magunia kutoka Kibombo. Pinyo kubwa huongeza nguvu na hupunguza mbio. Ile ndogo ilibaki nyumbani, imetundikwa msumarini.

Mkewe mjamzito alikuwa akitoka damu tangu alfajiri. Alikuwa amefungwa mgongoni kwa Sumaili kwa kitenge, na fundo lilimkaza mumewe tumboni. Hospitali ilikuwa Kindu.

"Ongeza mbio, baba," mkewe alikuwa amesema.

"Hii njo mwisho yake, mama."

Kwenye mteremko, baiskeli iliyobeba mananasi iliwapita.

"Mukubwa," mwenye baiskeli alimtania akipita, "pikipiki yako iko nasinzia?"

Hapo Sumaili akaelewa: kwenye mteremko, gia ndiyo iliyolizuia gurudumu. Akaachia gesi, akabana klachi. Injini ikashuka sauti, na pikipiki ikaporomoka kwa mbio ambazo hakuwa amezipata tangu msimu wa mpunga.

Katika ukimya ule alisikia mnyororo, upepo na changarawe chini ya matairi. Kichwa cha mkewe kilikuwa kizito begani, mdomo karibu na sikio lake. Pumzi hakuisikia.

Mteremko ulikuwa bado mrefu. Sumaili akaachia klachi, ili kelele irudi.