Singo ya Mchana

"Umefika?" Shamte aliuliza, akihema.

Mkewe, Mwanamvua, alimsukuma, akaketi kitandani. "Kila mara umefika, umefika! Kwani mimi kituo cha basi? Wanitaka mimi, au wataka kumaliza tu?"

Shamte akatupa jicho mlangoni. Begi la mkewe lilikuwa pale, limeshafungwa. Akikosea tena, Mwanamvua atarudi kwao.

Mwanamvua akamsogezea bakuli la singo ya kusugulia mwili, ya liwa na waridi, kama ile aliyosingwa siku ya harusi, akamgeuzia mgongo. "Nisinge."

"Halafu?"

"Hamna halafu, bwana. Singa."

Akaanza kwa pupa, kisha akapunguza. Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao. Ghafla ukajaa pumzi, ukashuka taratibu chini ya kiganja chake. Shamte akauacha mkono palepale, akiogopa hata kumeza mate.