Sekunde Kumi na Moja Zaidi

Sekunde kumi na moja zilikuwa zimezidi. Faustina alirudia hesabu mara ya tatu, kisha akaisukuma kompyuta pembeni na kunywa chai iliyokwisha kupoa.

Alhamisi iliyopita, saa tatu usiku, jiwe moja kati ya yale yanayozunguka jua lilipita mbele ya nyota, na nyota ikazimika kwa muda mfupi. Chama chao kidogo cha wachunguza nyota kilikuwa kimejipanga na darubini kwenye njia ya kivuli cha jiwe hilo: Faustina nyumbani Ipogolo, na mumewe, Mwalimu Lutengano, huko Mafinga. Kila darubini ilifungwa kamera, na kila kamera saa inayopokea muda kutoka kwenye setilaiti. Wakijua nyota ilifichika kwa sekunde ngapi, wangejua ukubwa wa jiwe.

Kivuli kilitoka mashariki kwenda magharibi, kilometa ishirini kila sekunde. Kutoka Ipogolo hadi Mafinga kingetumia sekunde nne. Video ya Lutengano ilionyesha nyota ikizimika sekunde kumi na tano baada ya Ipogolo.

Alimpigia simu Masumbuko, kiongozi wao aliyeko Dodoma.

"Labda saa yake ilikosea," alisema Masumbuko.

"Nimeikagua. Iko sawa."

"Basi hakuwa Mafinga, dada. Umeangalia ramani?"

Alikuwa ameangalia. Kwa muda ule, kivuli kilikuwa kimeshaipita Mafinga na kufika Mbalizi, mbali zaidi magharibi.

Masumbuko akakohoa. "Mambo ya ndani ya nyumba hayo. Wewe andika tu kwamba video iliharibika."

Faustina alikata simu. Hakumwambia kwamba alijua vizuri nani yuko Mbalizi. Alingoja uchungu uje, haukuja. Tangu mwezi wa tatu hakuna kitu kilichokuwa kikimfikia. Yeye na mumewe walizungumza habari za umeme na mboga, basi. Yeye alilala chumbani, Lutengano sebuleni.

Jioni Lutengano aliporudi kutoka shuleni, alimkuta bado yuko mezani.

"Mafinga kulikuwaje?" Faustina aliuliza.

"Baridi. Na malori ya mbao, vumbi tupu."

"Ulilala wapi?"

"Gesti."

Faustina alimgeuzia kompyuta. Lutengano alizisoma zile tarakimu akiwa bado amebeba mkoba. Ni yeye aliyemfundisha mkewe hesabu hizo, hakuhitaji kuelezwa. Akavuta kiti, akakaa.

"Ningekuambia."

"Lini?"

Lutengano aliuweka mkoba sakafuni.

"Unaendaga mara nyingi?"

"Kila mwisho wa mwezi. Zile safari za semina."

Faustina aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba ya jirani.

"Na safari hii ukabeba na darubini."

"Nilimwahidi, mke wangu. Kitambo. Kwamba siku nyota ikizimika tutakuwa wote."

"Ukakaa naye mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kulipokucha."

"Na mimi hukuniambia."

"Ulisema nisilitaje jina lake humu ndani." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikanyamaza."

Faustina aliivuta kompyuta. Penye jina la kituo alifuta Mafinga, akaandika Mbalizi, akaituma ripoti jinsi ilivyo. Kisha akainuka, akazunguka meza, akamwekea mumewe mkono begani. Hakuwa amemgusa kwa miezi mingi.

"Jumamosi twende wote," alisema. "Tangu tumzike mwanetu, mimi sijakanyaga pale."