Mfadhili Mpya wa Timu ya Swala

Timu ya Swala iliposhuka daraja, mfadhili wake Twiga aliondoka na mpishi, na wachezaji wakabaki wakila nyasi za uwanja waliouchezea. Nyasi zilipokwisha, Mwenyekiti Nyani, aliyependa mihuri kuliko mabao, aliitisha kikao kumpokea mfadhili mpya. Alikuwa Chui.

Digidigi, kipa wa timu, alisogea nyuma. Chui hakuuliza habari za mabao. Aliuliza uzito wa kila mchezaji.

"Ni kwa ajili ya sare, bwana kipa. Zisije zikawabana."

"Sare hupimwa kwa urefu, mzee, si kwa kilo," Digidigi alijibu, kisha akafunua katiba haraka. "Mwenyekiti, mkataba hausainiwi bila wajumbe saba. Sisi tupo sita."

Nyani alihesabu, akahesabu tena. "Ni kweli. Akidi haijatimia."

Digidigi alishusha pumzi.

"Anapungua mmoja tu?" Chui aliuliza kwa upole. "Basi niteueni mimi."

Katiba haikukataza, hivyo Nyani alipiga muhuri. Chui alikwenda kuketi mlangoni, akaomba ajenda ya kwanza iwe chakula.

"Chakula cha nani?" Digidigi aliuliza.

"Swali hilo litaingia kwenye mengineyo," alisema Nyani. "Wanaounga mkono?"

Njaa haina masikio. Miguu yote iliinuka, isipokuwa wa Digidigi.

Hekaya inakomea hapo, kwa kuwa kumbukumbu za kikao nazo zilikomea hapo.