Foleni ya Kioo Kimoja

Namba Moja alikataa chai kwa mara ya nne.

"Kunywa, kaka yangu," alisema Namba Mbili, akimsogezea kifuniko cha chupa kilichokuwa kikifuka mvuke. "Baridi hii si ya mchezo."

"Nimeshiba, dada. Asante."

Hakuwa ameshiba. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana jioni, hata maji, na alijua vizuri chai ile ilitaka kumpeleka wapi. Namba Mbili alikuwa muuguzi. Mambo ya kibofu alikuwa ameyasomea. Na tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa chuma wa duka lilisema wazi, kwa herufi kubwa zilizokwenda upande: KIOO NI KIMOJA. WA KWANZA NDIYE ATAKAYEKIPATA. HAKUNA KUWEKEWA, AWE SHEMEJI, AWE JIRANI, AWE MWENYE DUKA. ATAKAYETOKA KWENYE FOLENI, HATA HATUA MOJA, ARUDI MWISHO.

Kwa hiyo watu kumi na mmoja walikuwa wamejipanga kwa ajili ya kioo kimoja, na kumi kati yao walikuwa wakimwombea Namba Moja abanwe na haja.

Alikuwa amemtangulia Namba Mbili kwa pumzi chache tu. Alfajiri, mbele ya duka, mkono wake ukiwa bado mfukoni, alimwona muuguzi anakuja mbio kutoka kona ya mtaa, akaacha alichotaka kufanya na kurukia mahali pa kwanza. Tangu hapo hajasogea.

Mwanamke aliyebeba ndoo alisimama. "Foleni ya nini hii?"

"Ya kioo, mama."

"Cha kujitazamia?"

"Cha kompyuta. Cha kuchezea michezo."

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima wenye ndevu na mikoba, akaenda zake.

Kioo chenyewe kilikuwa kinaanza kuuzwa leo. Upana wake ulikuwa inchi arobaini na tisa, tena kimepinda kidogo kumzunguka mchezaji. Lakini utamu wake haukuwa kwenye upana. Kioo hiki kilikwenda na mchezo: ukikimbia kinakimbia nao, ukichechemea kinachechemea nao, na picha haichaniki. Namba Moja alikuwa ameirudia habari hiyo nyumbani hadi mkewe akaanza kuitaja usingizini.

Kuchanika kwa picha ndiko kulikomvunjia heshima. Kwenye kioo chake cha zamani mchezaji alikatika kiunoni, miguu ikaenda kushoto na kichwa kulia, na kabla hajajua afuate kipi, mpira ulishakuwa wavuni. Aliyekuwa akimfunga hivyo, mara thelathini na mbili mfululizo, kwa adabu zote na huku akimwita "baba", alikuwa mama mkwe wake.

Na leo saa sita mchana walikuwa na mechi. Mama mkwe alikwisha sema ndiyo ya mwisho. Akishinda tena, atamwacha mkwewe apumzike, naye atafute mtu mwingine wa kucheza naye.

"Mimi hata kompyuta sina," alisema Namba Tatu, fundi viatu. "Nilikuta foleni, nikaona si vibaya."

Saa tatu ikafika, saa ya kufungua. Mlango ukabaki kimya. Saa tatu na nusu watu wakaanza kumsema mwenye duka.

"Amelala huyo," alisema Namba Tatu. "Duka jipya, siku ya kwanza, yeye amelala."

"Na mwandiko wake wa kuku," aliongeza mtu wa nyuma.

Namba Moja alinyoosha mkono, akaibonyeza kona ya tangazo iliyoanza kubanduka.

"Lakini ni mtu wa haki," alisema Namba Mbili. "Nilimpigia simu juzi nikamwomba aniwekee, akakataa katakata. Mtu mwenyewe ana sauti ya kuringa."

Namba Moja alikohoa. "Huenda amepata udhuru," alisema, kwa sauti nene kuliko ile aliyoamka nayo.

Saa nne jua liliwachoma. Saa tano midomo ilimkauka, lakini alijikaza kisabuni. Hakuna hata mmoja aliyetoka. Saa sita kasorobo simu yake ililia.

"Mama ameshakaa," alisema mkewe. "Anauliza kama umekimbia."

"Mwambie nakuja."

"Sasa si ukichukue tu uje?"

"Siwezi. Kuna foleni."

"Foleni ya nani?"

"Ya watu, mke wangu. Na tangazo linasomeka."

Mkewe alihesabu hadi kumi kwa sauti, kisha akakata simu.

Namba Moja aliona aibu. Aliwaza jinsi mama mkwe atakavyomwambia, "Basi baba, pumzika," kwa upole ule ule. Nyuma yake Namba Mbili alikuwa amesogea hadi ncha ya kiatu chake ikagusa kisigino cha Namba Moja. Alikuwa tayari kuchukua nafasi.

"Yuko wapi jamani huyu mwenye duka?" aliuliza muuguzi.

Kufuli lilikuwa upande wa pili wa mlango, hatua sita nje ya foleni. Namba Moja alizibana funguo za duka mfukoni zisilie, akaendelea kutazama mbele.