Jibu la Dzifa Sokoni

“Wewe Ndiaye mlafi! Mmemaliza wali wenu, sasa mmekuja kunimalizia samaki!” mwanamke muuza samaki alifoka kwa Kiwolofu, kisu mkononi, magamba yakimng’aa hadi kwenye viwiko.

Mama alimshika Dzifa mkono. Alikuwa amefika Dakar jana yake tu, kutoka Lomé, kumtembelea binti yake huyu, aliyezoea kujificha nyuma ya kitenge chake hata akitumwa chumvi dukani.

“Twende zetu, mwanangu. Sielewi asemalo, lakini huyu anatutukana.”

Dzifa hakuondoka. Alipokuwa mgeni hapa, maneno kama hayo yalimliza, mpaka mama mwenye nyumba alipomweleza. Familia ya mama huyo ilikuwa imempa jina la ukoo wao, Ndiaye, na akina Ndiaye na akina Diop, ukoo wa muuza samaki huyu, ni watani tangu enzi za mababu. Asiyejibu ndiye anayekosa adabu.

Akashika kiuno, akajibu kwa Kiwolofu, kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia: “Mimi mlafi? Diop akialikwa harusini, hata sufuria hujificha!”

Wauza samaki wote wakaangua kicheko. Yule mwanamke akaweka kisu chini, akajifuta machozi kwa bega, akatia samaki mnono kwenye kikapu cha Dzifa na kuuliza jambo.

“Anasemaje?” Mama alinong’ona.

“Anauliza mimi ni binti wa nani.”

Mama akakaza kilemba chake, akasogea mbele.

“Wewe usimjibu. Nifundishe kusema ‘ni binti yangu’, nimwambie mwenyewe.”