Hrivna ya Kumi na Tatu

Ufa ulitokea shingoni mwa chuma, pale pale ulipotokea mara mbili zilizopita. Mzee Alois Hudeček akakitumbukiza majini haraka, lakini Daktari Nikola, mkuu wa makumbusho, alikuwa ameshauona.

"Ya tatu hiyo, mzee Hudeček."

"Mkaa una unyevu."

"Jana ulisema mivukuto."

Mapatano yalikuwa wazi. Afue hrivna moja kwa njia ya kale, kwa chuma alichoyeyusha mwenyewe, iwe sawa na zile kumi na mbili za kwenye kabati la kioo. Hrivna ilikuwa pesa ya Wamoravia wa Ulaya ya kati zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: chuma chembamba chenye umbo la shoka, kisichokata hata siagi. Akiweza, karakana ya makumbusho ingebaki yake. Akishindwa, angeingia kijana kutoka mji wa Brno, na Alois angerudi nyumbani kutazama runinga na paka.

Zile kumi na mbili Nikola alizifukua mwenyewe miaka tisa nyuma, katika shamba la viazi kijijini Lhotka, zikiwa zimegandana kwa kutu. Ndizo zilizompa udaktari na cheo. Hakuna aliyethubutu kuzibandua.

"Ujanani nilifua arobaini za namna hii," Alois alisema akijifuta jasho. "Marehemu Profesa Tichý akazizika mashambani, aone kutu inavyokula chuma."

"Ziko wapi sasa?"

"Alikufa ghafla. Mashimo aliyajua yeye peke yake."

"Basi hizo ni hadithi za kilabuni, mzee wangu." Nikola aliitoa majini ile iliyopasuka, akaigonga kwa ukucha. "Yule fundi wa kale alikuwa na mkono. Wewe una mdomo."

Maneno hayo yalimuuma Alois, maana aliyaamini. Kwa miaka tisa, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, alisimama mbele ya lile kabati akimhusudu mtu ambaye hata jina hakuliacha. Akavua aproni ya ngozi, akaitundika msumarini, akatoa funguo na kumkabidhi Nikola.

Nikola akalainika kidogo, kama wanavyolainika walioshinda.

"Njoo basi uone kitu kabla hujaenda. Hospitali wametupigia picha ya ndani, bila kuzibandua." Akaiweka picha mezani. Kati ya hrivna ya nne na ya tano palikuwa na kitu cha mviringo, kipana kiasi cha kifungo cha koti. "Hirizi ya fundi, mzee! Ijumaa naitangaza Vienna, mbele ya wakubwa wote."

Alois akavaa miwani. Akahesabu kutoka juu, moja hadi nne. Akahesabu tena, taratibu.

"Vipi? Umeuona mkono wa fundi?"

"Nimeuona," alisema Alois.

Ilikuwa sarafu ya koruna moja ya mwaka 1979. Aliitoa mfukoni mwake mwenyewe, siku Profesa Tichý alipomwambia achomeke sarafu ya mwaka ule kati ya chuma cha nne na cha tano kabla profesa hajaenda kuvizika, ili watakaokuja kuchimba wasije wakadanganyika.