Maikrowevu ya Dirishani

Kosa la Janelle lilikuwa kupasha supu yake kwenye maikrowevu ya dirishani.

Chumba cha kulia cha ghorofa ya juu, pale Shule ya Harlow nje kidogo ya Cleveland, kilikuwa na maikrowevu mbili zilizonunuliwa siku moja, duka moja. Moja ilikaa mlangoni, nyingine dirishani. Hakuna tangazo lililobandikwa, wala hakuna aliyewahi kuambiwa lolote. Ila weusi walipashia mlangoni na weupe dirishani, na ndivyo walivyokaa pia, meza ndefu huku na meza ndefu kule. Hata mgeni wa siku moja alilijua hilo bila kufundishwa. Janelle, maji ya kunde, mama mweupe na baba mweusi, alikuwa na majuma kadhaa pale na bado alikosea.

Maikrowevu ilipolia, meza ya dirishani ikanyamaza.

"Tukusaidie kitu, mpenzi?" aliuliza Kristen, na meno yote nje.

"Hapana, asante. Nilikuwa napasha tu."

"Haya. Wala usijali." Kristen akachukua karatasi akaifuta ile maikrowevu ndani, ingawa hapakuwa na tone lililomwagika.

Janelle akabeba bakuli lake kuelekea meza ya mlangoni. Kabla hajafika, vicheko vilishaanza.

"Ehee, bibie! Umerudi salama kutoka ng'ambo?" alisema Yolanda, na wenzake wakacheka hata kabla hajamaliza neno. "Hii ya kwetu imekukosea nini?"

"Samahani, ile ndiyo ilikuwa haina mtu."

"Jamani, msikieni! Si anaongea kama yule dada mzungu wa utabiri wa hali ya hewa kwenye runinga?"

Wakacheka tena. Janelle naye akacheka, angefanyaje? Kisha akauliza kama kile kiti chenye mkoba kina mtu.

"Cha Charisse hicho. Yuko njiani."

Charisse hakutokea. Mkoba ulikaa kitini kwa raha zake mpaka kengele ikalia, na Janelle alikula kwenye kimeza cha kando ya pipa la taka, kile kinachowekewa magazeti ya zamani. Supu ilimshinda.

Jioni alikuwa mezani kwa shangazi yake, vidole vimechafuka wino mwekundu, kazi za shule zimemzunguka, mama yake alipopiga simu kutoka Nebraska.

"Leo umekula na nani?"

Janelle alitaka kudanganya, sauti ikamsaliti. Akaeleza yote, hadi ile karatasi ya kufutia.

"Basi chagua upande mmoja, mwanangu, utulie nao."

"Upande upi, Mama? Wako au wa Baba?"

Shangazi, dada wa baba yake, aliyekuwa akimenya viazi, akadakia: "Ndege wafananao huruka pamoja. Ndiyo dunia."

Janelle aliwaza habari za popo, asiyejulikana kama ni ndege au ni mnyama, akaona aibu kwa kujionea huruma. "Ijumaa," alimwambia mama yake mwishowe. "Ijumaa ikipita sijapata mtu wa kunipa nafasi, naacha shule hii narudi nyumbani."

Ijumaa aliwahi chumba cha kulia kabla ya wote. Alikiburuta kile kimeza kutoka kando ya pipa, akakiweka katikati kabisa ya chumba, na mkabala wake akaweka kiti cha pili. Alikuwa ameoka biskuti za chokoleti, akazifunua ili zinukie. Akakaa, akasubiri.

Waliingia mmoja mmoja. Walimwona, wakazinusa biskuti, wakampungia mkono, na kila mtu akaenda zake kwenye meza yake. Yolanda alisema, "Leo umefungua mgahawa?" akapita. Halafu akaja Todd, kijana wa meza ya dirishani ambaye hajawahi hata kusalimiana naye, akasimama mbele yake na kushika mgongo wa kile kiti kitupu.

"Hapa pana mtu?"

"Hapana," alisema Janelle. Akaanza kumsogezea biskuti. "Hapana mtu kabisa."

"Asante sana." Todd akakinyanyua kiti, akaenda nacho dirishani.

Janelle alizifunika biskuti. Kengele ilipolia aliosha uso, akachana nywele, akashuka ngazi hadi ukumbini, ambako wanafunzi wa shule nzima walikuwa wameshakaa kama kawaida yao, weusi huku, weupe kule. Ilikuwa Siku ya Kuchanganyika, ambayo wanafunzi huhimizwa kula na wasiozoeana nao. Alipanda jukwaani, akapokea kipaza sauti. Ofisi ilikuwa imempa kazi hiyo yeye kwa sababu, walisema, yeye ndiye wa pande zote mbili.

"Kuna ugumu gani, vijana wangu," alisema, "mtu kubeba sahani yake akakae na mwenzake?"

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Na ninyi walimu huko juu, Mwalimu Pruitt, mnakulaje?"

Mwalimu Janelle Pruitt aliwatazama wenzake waliojipanga vitini kandokando ya ukumbi: Yolanda na wa meza yake ukuta wa kulia, Kristen, Todd na wa meza yao ukuta wa kushoto. Wote walikuwa wamemkodolea macho.

"Pamoja," alisema.

Walimu wakampigia makofi kutoka pande zote mbili, na alipokuwa akishuka jukwaani, kila upande ukamsogezea kiti.